Presha ya Kitanda cha Sita

Mara ya kwanza Bi Daftari alipokuja wodini, Chiriku hakushtuka. Wakufunzi wa chuo hupita, ndio utaratibu. Mwanafunzi wa uuguzi akipelekwa hospitali kwa mafunzo ya vitendo, mkufunzi wake humtembelea mara moja, husimama miguuni pa kitanda, huuliza maswali mawili matatu, hutia saini kitabuni na kwenda zake. Mara ya pili, siku tatu baadaye, alijiambia labda mwalimu kasahau kitu. Mara ya tatu akaanza kuhesabu. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili hospitali nzima. Kumi na mmoja walishaonwa mara moja moja, basi. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa anatembelewa kama mgonjwa mahututi.

Bi Daftari, jina hilo walimpa wanafunzi wenyewe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, mwenye viatu vya mpira na daftari dogo la kijani lisilotoka mfukoni ila kwa kuandikwa. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ingekuwa nafuu, maana mkali unajua amesimama wapi. Huyu alitazama, akaandika mstari mmoja, akalirudisha daftari mfukoni, akasema, "Haya, endelea," akaondoka.

Chiriku naye jina alilipata kwa mdomo wake. Msichana wa miaka ishirini na mbili, mwembamba, akiingia wodini alfajiri ya zamu basi hata wagonjwa waliolala hujua kumekucha. Aliongea akitandika, aliongea akiosha vidonda, aliongea akisukuma kitoroli cha dawa. Sista mkuu wa wodi, mwanamke mpana mwenye kicheko cha tumboni, alikuwa akisema, "Huyu mtoto akinyamaza, mpimeni homa."

Wodini hakuna aliyejua kwamba maneno yale yalikuwa uzio. Alipokuwa na miaka saba, sikio lake la kushoto lilitoa usaha kwa wiki nyingi, na lilipokauka lilikauka na kila kitu. La kulia lilibaki, nalo nusunusu. Tangu hapo alijifunza kukaa upande wa kushoto wa darasa ili sikio lililobaki lielekee kwa mwalimu, kutazama midomo ya watu, na zaidi ya yote kuongea kwanza. Mtu anayeuliza yeye mwenyewe anajua majibu yanaweza kuwa yapi. Fomu ya afya ya chuo ilipomuuliza kama ana tatizo la kusikia, aliandika "hapana" kwa mwandiko mzuri kabisa, na kwa miaka miwili hapana ile ilimbeba.

Ilimbeba hadi mashine ya presha ya wodi ilipoharibika.

Ile mashine ya dijitali, unafunga kitambaa, unabonyeza, namba zinajitokeza. Ilipokufa, sista mkuu alitoa kabatini ile ya zamani, ya kujaza upepo kwa kipira cha mkono. Hii inataka masikio. Unaweka stetoskopu kwenye mkunjo wa mkono wa mgonjwa, unaachia upepo polepole, mshale unashuka, nawe unasikiliza: mapigo yanapoanza ndiyo namba ya juu, yanapokoma ndiyo ya chini. Chiriku aliweka, akaachia, akasikiliza. Kimya. Au kitu kama kimya, kama mtu anayenong'ona chumba cha pili. Aliutazama mshale ukitetemeka hapa na pale, akatupia jicho namba ya jana kwenye faili, akaandika ya leo inayofanana nayo. Siku ya kwanza alifuta namba mara mbili kabla ya kuiacha. Siku ya tano hakufuta tena, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

Basi mtu mwenye jambo kama hilo kifuani, akiona daftari la kijani linafunguliwa mara tatu ndani ya wiki mbili, afikirie nini?

Aliyemwaga petroli kwenye moto alikuwa Twiga, mwanafunzi mwenzake, kijana mrefu wa wodi ya watoto. Walikutana kwenye ngazi za nyuma, wakati wa chai.

"Chiriku, kaa hapa. Umefanya nini?"

"Nimefanya nini na nani?"

"Bi Daftari alikuwa ofisini kwa sista wako, mlango umerudishiwa. Nilipeleka karatasi za maabara. Nilipoingia wakanyamaza wote wawili. Na faili lililokuwa mezani ni la wodi yako."

"Labda wanaongea mambo yao."

"Mambo yao huku jina lako limetajwa? Mimi nimelisikia kwa masikio yangu." Twiga alishusha sauti, na Chiriku ikabidi aisome midomo yake. "Unamkumbuka yule mwenzetu wa mwaka juzi, mwenye mwanya? Ilianza hivihivi. Kutembelewatembelewa, kuandikwaandikwa, hamna neno. Mwezi wa pili kaitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo, karatasi zimepangwa kama ushahidi wa mahakamani. Sasa hivi anauza kwenye duka la simu."

Chai ilimwia chungu.

Nyumbani kwa shangazi yake, alikokuwa akiishi tangu aanze chuo, hapakuwa na faraja. Shangazi alikuwa fundi cherehani, na aliwapima watu kama anavyopima vitambaa, kwa kuvuta pembeni aone vinakatikia wapi. Alisikiliza mkasa wa daftari pini zikiwa mdomoni, akazitoa moja moja.

"Mwanangu, mtu anayekuandika bila kukuuliza anakutafuta. Usimpe kitu. Akikuuliza umelalaje, mwambie vizuri. Akikuuliza umekula nini, mwambie vizuri."

"Shangazi, hilo la pili halijibiki hivyo."

"Ndiyo maana yake! Ajue hapati kitu."

Habari ya sikio shangazi aliijua, maana ndiye aliyekuwa akimtilia dawa utotoni. Habari ya namba za kukisia hakuambiwa.

Kuanzia hapo Chiriku akaanza maisha ya mtu anayefuatwa. Alijua zamu za Bi Daftari kuliko zake mwenyewe. Akisikia kwamba gari la chuo limeingia getini, anapata kazi ya ghafla stoo ya mashuka. Mwalimu akimuuliza swali, anamjibu kwa hotuba ndefu mpaka swali lenyewe linapotea. Siku moja Bi Daftari alisimama nyuma yake, upande wa kushoto, kwa muda asioujua, kisha akazunguka mbele na kusema, "Nimekuita mara tatu."

"Nilikuwa nahesabu vidonge, Mwalimu. Sikutaka kukosea."

Bi Daftari alimtazama, akatazama kitoroli ambacho hakikuwa na kidonge hata kimoja. Daftari likatoka mfukoni, mstari mmoja, likarudi. "Haya, endelea."

Wiki hiyo kitanda cha sita kilikuwa na dereva wa lori mstaafu, mzee wa mbavu pana aliyeletwa akitokwa na damu puani na kichwa kikimgonga. Presha yake ya siku ya kwanza iliwafanya wauguzi waangaliane. Dawa zilianza, damu ikakata, na mzee akarudiwa na ulimi wake. Alimwita Chiriku "mjukuu wangu" na alimsimulia milima yote aliyowahi kuishuka bila breki. Chiriku alimpenda kwa sababu alikuwa na sauti kama honi, na kila neno lake alilisikia.

Alhamisi asubuhi alimpima. Akajaza upepo, akaachia, mshale ukatetemeka juu kidogo, ukatetemeka tena chini. Kichwa chako vipi, babu? Kipo palepale, mjukuu wangu, kinagonga kidogo tu, ndio uzee. Jana ilikuwa mia moja thelathini na mbili kwa themanini na nne. Hiyo jana nayo aliiandika yeye. Akaandika mia moja ishirini na nane kwa themanini. Muuguzi wa zamu, mwenye wagonjwa ishirini na wanane na mikono miwili, akatia saini pembeni bila kupima tena.

Bi Daftari alifika saa nne. Alikaa kwenye meza ya wauguzi, akafungua daftari, akaanza kuandika. Mara mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kutapika, wauguzi wakakimbia, na mwalimu naye, ambaye kabla ya kufundisha alikuwa muuguzi kwa miaka mingi, akaruka pamoja nao. Daftari likabaki mezani, wazi.

Chiriku alikuwa peke yake hatua mbili kutoka pale. Alijiambia asisome. Akalivuta karibu, akasoma.

*Hugeuza kichwa akiitwa, siku zote kulia. Hakujibu akiitwa kutoka kushoto, mara tatu. Jumatatu, kitanda cha nne: yeye 120 kwa 80. Mimi, dakika tano baadaye: 150 kwa 94. Sista ameambiwa, faili limerekebishwa. Je, ni sikio au ni uvivu? Akibanwa, huongea. Nisubiri nione zaidi.*

Kumbe ni kweli. Kumbe alikuwa anapimiwa nyuma, kitanda kwa kitanda, na sista mkuu anajua, na yule mwanamke alikaa siku tatu nzima na jambo hilo akimwambia endelea, endelea, kama paka anayemchezea panya. Hasira ilimpanda kwanza. Halafu woga. Alianza kupanga: aende nyumbani aseme anaumwa, amwone Twiga, aandike barua ya kuomba kuhamishwa kabla hajafukuzwa.

Wakati anapanga hayo, daktari alikuwa kwenye kitanda cha sita.

"Mia ishirini na nane kwa themanini," daktari alisoma kwenye faili. "Na jana vizuri. Babu, leo unalala kwako."

Mzee alipiga kofi moja la furaha lililowageuza watu. Mkwewe aliyekuja kumwona akaanza kukusanya vitu kabatini: kandambili, redio ndogo, miwani. Mzee akavaa shati. Alipoinama kutafuta kiatu, alishika ukingo wa kitanda, akafumba macho, akakaa hivyo kitambo. Halafu akafumbua, akacheka, akaendelea kufunga kamba.

Chiriku aliona. Sista mkuu alikuwa kitanda cha pili. Daktari alishahamia chumba kingine. Katika jengo lile zima, mtu mmoja tu ndiye aliyejua kwamba namba zile mbili, ya jana na ya leo, hazikutoka kwenye mkono wa mzee yule. Zilitoka kichwani mwa msichana aliyeogopa.

Bi Daftari alikuwa kwenye sinki la ukumbini, ananawa mikono. Chiriku alimwendea.

"Mwalimu. Namba za kitanda cha sita si za kweli."

Bi Daftari alifunga bomba. "Zipi?"

"Zote. Ya jana na ya leo. Sisikii kwenye stetoskopu. Nimeandika tu. Na wanampeleka nyumbani, na kichwa kinamgonga, ameniambia mwenyewe."

Alitegemea daftari. Badala yake mwalimu alimpita mbio, mikono ikidondosha maji, na kufika kitanda cha sita kabla kiatu cha pili hakijafungwa. "Samahani, mzee wangu, rudisha mkono huu hapa." Akafunga kitambaa, akajaza, akasikiliza. Akarudia mkono wa pili. Chiriku alitazama mdomo wake ulipomtajia namba daktari aliyeitwa: mia moja themanini na sita kwa mia moja na kumi na mbili.

Mzee alikasirika kweli. "Nimeshavaa!" alisema. "Mkwe wangu kashafunga mzigo!" Akamtazama Chiriku. "Mjukuu wangu, si wewe ulisema mambo safi?"

"Nilikosea, babu."

"Ulikosea vipi?"

Sista mkuu alikuwa amefika, mikono kiunoni, na kicheko chake hakikuwepo. Wote walimngoja. Kwa mara ya kwanza tangu aingie wodi ile, Chiriku alitafuta maneno akayakosa. Mwisho akasema, "Sikusikia, nikaandika." Mzee akavua kiatu, akakitupa chini ya kitanda, akageukia ukutani.

Bi Daftari alimpeleka stoo ya mashuka, palepale alipozoea kujificha. Walikaa juu ya mabunda mawili. Mwalimu alichagua kukaa kulia kwake, na Chiriku akaligundua hilo, likamuuma.

"Umesoma daftari langu," Bi Daftari alisema. "Nililiacha wazi, nimelikuta limesogezwa."

"Uliliacha makusudi?"

"Hapana. Mtu alikuwa anatapika."

Chiriku hakuamini, na uso wake ulisema hivyo. "Ulikuwa unanifuatilia, Mwalimu. Unapima nyuma yangu, unaongea na sista nyuma yangu. Tangu Jumatatu unajua."

"Najua kitu gani? Nilijua namba moja haikuwa sawa. Nilikuwa na mawili kichwani: ama husikii, ama hujali. La kwanza linatibika. La pili, nilitaka kuwa na hakika kabla sijaharibu maisha ya mtu."

"Ungeniuliza."

"Ungenijibu nini?"

"Ningekukatalia," alisema. "Ningekupa hadithi mpaka ukachoka."

"Eeh. Lakini hilo lilikuwa lako kukataa, na langu kuuliza. Sikuuliza. Mzee alikaribia kuondoka kwa sababu wewe ulinyamaza, na mimi pia nilinyamaza." Alisugua magoti yake. "Sikio lilianza lini?"

Akamwambia. Ilichukua dakika chache tu, na baada ya miaka kumi na mitano ilionekana habari fupi mno kuwa imefichwa kwa kazi kubwa kiasi kile.

Usidhani kwamba mambo yaliisha kwa kukumbatiana. Jioni ile Bi Daftari aliandika ripoti, na kabla ya kuipeleka chuoni alimpa Chiriku aisome na kutia saini. Chiriku aliisoma mara nne akitafuta mtego. Kwenye mstari wa tisa akasimama.

"Hapa umeandika 'alighushi vipimo.' Mimi sikughushi. Nilikisia."

"Uliandika namba ambayo hukuisikia, ukaweka jina lako. Kukisia ni mtu akisema 'nadhani.' Wewe hukusema unadhani."

"Lakini kughushi ni neno la wezi."

Walivutana nusu saa, wakiwa wamesimama, ripoti juu ya jokofu la dawa. Mwishowe mwalimu akafuta neno, akaandika kwa mkono: *aliandika vipimo ambavyo hakuvisikia.* Chiriku akatamani hata hilo liondoke, lakini lilikuwa kweli tupu na hapakuwa na pa kulishika. Chini yake Bi Daftari aliongeza mistari miwili: kwamba mwanafunzi alijitokeza mwenyewe kabla mgonjwa hajaondoka, na kwamba mkufunzi alikuwa na shaka tangu Jumatatu, akachelewa kumuuliza. Akatia saini yake kwanza.

"Kwa nini umejiandika?" Chiriku aliuliza, bado anashuku.

"Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa."

Kamati ilikaa. Hakufukuzwa. Alipelekwa kupimwa masikio, akaandikiwa kifaa cha kusikia cha kuvaa sikio la kulia na stetoskopu inayokuza sauti, inayotumia betri. Vipimo vyake vyote vya wiki zile vilifutwa, na mafunzo yale ya wodi akatakiwa kuyarudia yote, maana yake Twiga na wenzake wangehitimu bila yeye. Alilia siku mbili. Shangazi alishona nguo tatu bila kusema neno, siku ya tatu akasema, "Huyo mwanamke aliyejiandika mwenyewe kwenye karatasi, mlete nimwone." Kwa shangazi, hiyo ilikuwa heshima kubwa.

Yule dereva aliruhusiwa siku sita baada ya Alhamisi ile. Chiriku alikwenda kumuaga bila kujua atapokewaje. Mzee alimnyooshea mkono wenye kitambaa cha presha. "Nipime," alisema. "Ila leo usinipendelee." Alipima kwa stetoskopu ya kukuza sauti aliyoazimwa, mbele ya sista mkuu, na sista akarudia. Namba zilikaribiana.

Alipoanza kurudia mafunzo, Bi Daftari alimwekea Alhamisi: kila wiki, saa nane mchana, chumba kidogo cha mafunzo, nusu saa. Alhamisi za mwanzo Chiriku alikaa karibu na mlango. Alikuja na orodha ya maswali ili aanze yeye, ni mazoea. Mwalimu alijibu la kwanza, halafu akasema, "Sasa niambie moja ambalo hulijui kabisa." Hilo lilikuwa gumu kuliko maswali yote. Wiki ya kwanza hakuwa nalo. Wiki ya tatu akasema hajui kugawanya desimali za dawa bila simu. Wakazifanya mezani kwa penseli, mpaka muda ukawapita.

"Bado sikuamini sana, Mwalimu," alimwambia siku hiyo, akikusanya karatasi.

"Na mimi bado napima nyuma yako," Bi Daftari alijibu. "Safari hii unajua."

Mwezi wa pili, mwalimu alikunja mkono wa koti na kuuweka mezani. "Nipime mimi. Nataka kuona unavyoachia upepo."

Chiriku alifunga kitambaa, akavaa stetoskopu ya betri, akajaza. Mapigo yalikuja wazi kama mtu anayegonga mlango, du, du, du, na yalianza juu kuliko alivyotegemea. Akaachia mpaka yakakoma. Akarudia.

"Mia moja sitini na mbili kwa mia moja," alisema.

"Umekosea. Rudia."

"Nimerudia."

"Pengine hiyo betri."

"Betri nimebadilisha jana." Alitoa stetoskopu masikioni, akaisukuma mezani. "Jipime mwenyewe, au nimwite sista."

Bi Daftari hakujipima. Alimtazama msichana yule kwa macho yaleyale ya kupima mtu, na Chiriku hakuangalia pembeni wala hakuongea. Mwalimu akashusha mkono wa koti polepole.

"Kichwa kimekuwa kinaniuma," alikiri. "Nilidhani ni kusahihisha mitihani."

"Tangu lini?"

"Muda. Nitakwenda kliniki Jumatatu."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi, asubuhi. Mbili."

Chiriku alishasikia watu wengi wakisema Jumatatu kwa sauti ile. Jumatatu ilipofika, saa mbili kasoro dakika tano, alikuwa ameketi kwenye benchi la kliniki ya presha, begi magotini, macho mlangoni. Saa mbili ikagonga, hakuna mtu. Saa mbili na dakika tano, hakuna mtu. Saa mbili na robo mlango ukafunguliwa, Bi Daftari akaingia, akaliona benchi na aliyelikalia, akasimama.

"Ulidhani sitakuja," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

Bi Daftari akaja akakaa upande wake wa kulia, wakasubiri foleni isogee.